Chombo Kimfuate Mtu: Kutengeneza Kipanya cha Kompyuta

Sisi wakulima tunaujua ubaya wa mpini usiofaa. Ukiwa mfupi, mgongo unauma. Ukiwa na nundu, kiganja kinatoka malengelenge. Basi tunauchonga upya. Lakini vijana wetu wanaofanya kazi za kompyuta wanaumwa mkono na kunyamaza, kama vile chombo chao hakichongeki. Kinachongeka!

Kipanya ni nini? Ni kidude kinachosukumwa juu ya meza kwa kiganja. Kikienda, mshale ulio kwenye kioo cha kompyuta nao unakwenda. Kilibuniwa na Douglas Engelbart huko California, Marekani. Mwenzake Bill English alikiunda mwaka 1964. Kile cha kwanza kilikuwa cha mti, chenye magurudumu mawili na kitufe kimoja.

Kwa nini kinaumiza? Nyosha mkono kama unampa mtu salamu. Toka kiwiko hadi kifundo cha mkono kuna mifupa miwili, nayo sasa imelala sambamba. Geuza kiganja kitazame chini: mifupa hiyo inapishana. Anayeshika kipanya cha kawaida hukaa hivyo saa nyingi. Ndiyo maana wapo wanaojitengenezea kipanya kilichosimama, kinachoshikwa kama mkono wa salamu. Tufuate hatua hizi:

1. Finyanga udongo kama kichuguu kidogo. Ushike bila kukaza mkono, mpaka kila kidole kipate pa kulala. Uache ukauke.

2. Chonga mti mwepesi kwa kufuata umbo hilo. Toboa ndani, kisha piga msasa.

3. Chomoa kipanya cha zamani kwenye kompyuta, halafu kifungue. Jicho dogo la chini liache palepale kwenye kitako chake, maana ndilo linaloisoma meza. Likiinuliwa kidogo tu, mshale hautii.

4. Vitufe vihamishie pale vidole vinapolala, kwa nyaya nyembamba zilizolehemiwa. Viwe vyepesi, na kitako kiongezwe upana, kwa sababu kubonyeza kwa ubavuni husukuma kipanya chote.

5. Kitumie siku chache. Panapobana, punguza.

Lakini tusidanganyane: kipanya kizuri siyo dawa. Mkono lazima upumzishwe, na ganzi au maumivu yasiyokwisha yapelekwe zahanati mapema. Mkono ndio unaoleta chakula nyumbani. Chombo kimfuate mtu, siyo mtu akifuate chombo.