SANDUKU LA BUNDUKI NA UFUNGUO WAKE

Buswelu ya leo ni mji. Ofisi za Manispaa ya Ilemela ziko huko, viwanja vimepimwa, na nyumba za tofali na saruji zimesimama kati ya majabali. Wamejenga huko wenye maduka, wenye mitumbwi na wafanya biashara wa dhahabu. Katika mji wa namna hiyo hawakosi watu wenye leseni ya bastola au ya bunduki ya marisawa, na mtu akiisha kupata leseni, swali la kwanza limpasalo si la shabaha bali la mahali pa kuilaza silaha hiyo usiku na mchana.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, yamtaka mwenye silaha aitunze mahali salama. Wako wadhanio kwamba mahali salama ni chini ya godoro, au juu ya kabati, au ndani ya sanduku la nguo lenye kufuli la kusafiria. Twasema wazi kwamba hapo si mahali salama. Mtoto wa miaka 6 apajua, na mwizi hupatafuta kwanza.

Nchi za Ziwa zina sababu ya kuliogopa jambo hili. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha za vita zilizagaa mikononi mwa wezi wa ng'ombe na wanyang'anyi wa barabarani. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi wa Usukumani na Unyamwezini waliinuka kwa pinde na mishale, wakaitwa sungusungu. Bunduki iibiwayo katika nyumba ya mtu mwema haitupwi. Huenda ikarudi mtaani katika mkono mwingine.

Basi, sanduku liwe la namna gani? Huko Uingereza, kiwango kiitwacho BS 7558 chataka bamba la chuma lisilopungua unene wa milimita 2. Masanduku mengi mepesi yauzwayo madukani hayafiki hapo, na mlango wake hukunjwa kwa nondo moja. Mafundi wetu wa kuchomelea waweza kutengeneza lililo bora zaidi wakielezwa vizuri: bamba la milimita 3 au 4, bawaba zifichwe ndani, komeo ziingie juu na chini, na kingo za mlango zisiache upenyo wa patasi. Bunduki ndefu hukaribia sentimita 120, kwa hiyo pima kwanza ndipo uagize. Tumesikia habari za sanduku zuri lililoletwa nyumbani likakataa kuipokea bunduki yenyewe.

Uzito peke yake hautoshi. Sanduku la kilo 60 hubebwa na vijana wawili hadi kwenye gari. Lazima lifungwe kwa boliti kutoka ndani yake, ziingie katika sakafu ya zege au ukuta imara. Ukuta wa tofali za udongo hauishiki boliti. Hung'oka pamoja na vumbi lake. Hapa watu wa Buswelu waliojenga juu ya mwamba wana bahati ambayo wenzao wa kwenye mchanga hawana.

Tena unyevu wa Ziwa hula chuma. Silaha ipanguswe kwa mafuta, na ndani ya sanduku viwekwe vile vifuko vidogo vya kunyonya maji. Risasi zikae mbali na bunduki, chini ya kufuli lake zenyewe. Uchunguzi wa David Grossman na wenzake, uliotolewa Marekani mwaka 2005, ulionyesha kwamba ajali na kujiua kwa watoto na vijana kulikuwa kuchache zaidi katika nyumba ambamo bunduki haikuwa na risasi, imefungiwa, na risasi nazo zimefungiwa kando.

Kufuli la namba au la ufunguo, lolote lafaa. La umeme likumbukwe betri. Lakini ufunguo ukining'inizwa kwenye msumari pamoja na wa jiko, fedha zote za sanduku zimepotea bure. Vivyo hivyo namba ikiwa ni mwaka wa kuzaliwa wa baba mwenye nyumba.

Sasa twafika mahali pazito. Mwezi Mei 2022, huko huko Buswelu, mke aliuawa na mumewe kwa bastola, na siku chache baadaye maiti ya mume iliopolewa katika Ziwa. Wengi walilia, wakasema mengi. Sisi twasema moja: hakuna chuma cha unene wowote kimzuiacho yule aliye na ufunguo halali. Mwaka 1993 Arthur Kellermann na wenzake walionyesha, huko Marekani, kwamba katika nyumba yenye bunduki hatari ya mtu kuuawa humo ilikuwa karibu mara 2.7, na wauaji wengi walikuwa jamaa au watu wajuanao.

Kwa hiyo, kabla ya kumwendea fundi, mume na mkewe wazungumze, na wazee wa pande zote mbili wajue kwamba silaha imo ndani. Ugomvi ukiingia, au pombe, au huzuni isiyokwisha, silaha itoke nyumbani siku hiyo hiyo ikakabidhiwe polisi. Mke akiomba itoke, asiulizwe mara mbili. Na aliyerithi gobole la babu lisilo na karatasi asilitafutie sanduku: mwezi Septemba na Oktoba 2023 Serikali ilitoa muda wa kusalimisha kwa hiari silaha za namna hiyo bila kushtakiwa, na tangazo jingine la aina hiyo likitoka, lipelekwe kituoni mapema, likiwa tupu, na mjumbe wa mtaa akisindikiza.