Usipoziba Ufa wa Injini

Tumfikirie baba mmoja mwenye pikipiki ya zamani, Yamaha DT125, ile ya mipigo miwili inayopozwa na upepo. Ndiyo inayobeba gunia la maharagwe hata sokoni; ndiyo inayomfikisha mtoto mgonjwa kwa muuguzi usiku. Siku moja pistoni yaungua. Fundi aweka mpya. Baada ya majuma machache nayo yaungua, na baba atoa tena fedha, zile alizoziweka kwa karo ya watoto. Fundi asema: «Pistoni za siku hizi ni mbovu.» Je, ni kweli? Mara nyingi si kweli. Kilichoiharibu ya kwanza kingali mle ndani, nacho ni kitu kidogo cha bei ndogo.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Yafaa tuone ufa huo uko wapi.

Ukoo wa pikipiki hii ulianza mwaka 1968, Yamaha ilipouza DT-1 yenye ujazo wa sentimita 246, chombo cha barabara na cha porini pia. DT125 ni mdogo wake: pistoni ina upana wa milimita 56, yapanda na kushuka milimita 50, na ujazo wake ni sentimita 123. Siku hizi pikipiki nyingi za kubeba abiria ni za mipigo minne, na mafundi vijana wamezizoea hizo. Lakini ya mipigo miwili ina tabia yake. Mafuta huwaka kila krenki inapozunguka mara moja. Ikizunguka mara 6000 kwa dakika, moto huwaka mara 100 kwa sekunde moja!

Tena haina vali za juu. Pistoni ikipanda, huvuta hewa na petroli kutoka katika kabureta, kupitia vilimi vyembamba, hata chumba cha chini cha krenki. Ikishuka, husukuma mchanganyiko huo juu kwa njia ya matundu yaliyo katika ukuta wa silinda. Basi, chumba cha chini ni pampu; na pampu yenye tundu haifanyi kazi yake.

Krenki imezibwa kila upande kwa pete ya mpira iitwayo sili. Joto na miaka huikausha. Sili ya kushoto, upande wa magneto, ikichoka, hewa tupu huingia. Petroli huwa haba, joto huzidi, pistoni huvimba na kukwama. Ikikwama safarini, gurudumu la nyuma laweza kujifunga ghafula. Lazima mwendeshaji akamate klachi upesi. Hapo si fedha tu iliyo hatarini, bali uhai. Sili ya kulia, upande wa klachi, ikichoka, injini huvuta oili ya gia na kuiunguza: moshi mweupe hutoka mwingi, na oili ya gia hupungua pasipo tone kuanguka chini.

Dalili zaonekana kabla ya msiba. Ukiachia mkono wa mafuta, nayo injini yaendelea kulia kwa kasi, shuku hewa inayoingia pasipo ruhusa. Fungua buji, ambayo wengine huiita plagi: rangi ya udongo mwekundu uliofifia ni njema, nyeupe kama majivu yaonyesha joto kupita kiasi, nyeusi yenye unyevu yaonyesha mafuta mengi. Usisahau chujio la hewa, kwa maana vumbi lipitalo hapo husugua silinda kama msasa.

Na sasa, kazi yenyewe. Kwanza osha injini kwa nje, tope lisianguke ndani. Ukiisha kuinua silinda, ziba mdomo wa chini kwa kitambaa safi. Pistoni mpya ina mshale juu yake. Mshale huo uelekee mbele, kwenye bomba la moshi. Pete za pistoni, ambazo mafundi wetu huziita segma, zina ncha mbili, na katika kila mfereji mna kipini kidogo. Ncha zikae penye kipini. Zisipokaa hapo, hunasa katika matundu ya silinda na kuvunjika.

Kuna klipu mbili ndogo zinazozuia pini ya pistoni isitoke. Usirudishe za zamani kamwe. Waya iliyokunjwa na kukunjuliwa imepoteza nguvu. Ikichomoka, hukwaruza silinda toka juu hata chini. Ni ubahili gani huo, kuokoa klipu na kupoteza silinda? Gaskiti nazo ziwe mpya. Nati za kichwa zikazwe kidogo kidogo, kwa kupishana, kadiri ya kitabu cha chombo.

Jambo la mwisho ni oili. DT125 ina pampu yake ya oili iitwayo Autolube, ambayo Yamaha ilianza kuitumia mwaka 1964. Ukiufungua mrija wake, hewa huingia, na hewa hailainishi chuma. Toa mapovu yote kabla ya kuwasha. Kisha kwa siku za kwanza usipande milima na mzigo mzito, hata pete zizoeane na silinda.

Basi, baba wa nyumba, ukimpelekea fundi pikipiki yako, usiulize bei ya pistoni tu. Mwulize: «Ile ya zamani imekufa kwa nini?» Mwambie akuonyeshe sili, vilimi, buji na chujio. Fundi mwema hachukizwi na swali hilo. Huzitandaza sehemu hizo juu ya gunia na kukueleza moja moja. Nanyi vijana mnaojifunza kazi, shikeni desturi hii: msifunge kipya kabla ya kujua kilichoharibu cha kale. Kwa kufanya hivyo mtawalindia watu fedha zao, na pengine shingo zao pia.