MATUTA YA FANYA JUU: NANI ANACHIMBA, NA ANALIPWA NINI?



Ukitembea Ukambani mwezi wa Agosti au Septemba, kabla ya mvua ya Oktoba, utakuta vikundi vikichimba mitaro mashambani. Hesabu vichwa. Utaona akina mama wengi, wazee wawili watatu, na pengine kijana mmoja aliyetumwa na mama yake kwa sababu mama anaumwa na mgongo. Halafu nenda kwenye korongo ambapo mradi umeleta waya na mawe ya kujenga kizuizi. Hapo waliopanga mawe na kufunga waya ni wanaume, na wanalipwa kwa siku. Waliobeba mawe kutoka mtoni ni akina mama, na kazi yao imeandikwa kwenye karatasi za mradi kama "mchango wa jamii".

Jambo hili nimeulizwa na vikundi kadhaa: je, ni haki? Ndiyo maana naandika.

Tuanze nyuma kidogo, kwa sababu kazi ya kuzuia mmomonyoko ina historia ya uchungu. Miaka ya 1930 serikali ya wakoloni iliona udongo wa Machakos unaisha, ikalaumu ng'ombe. Mwaka 1938 mifugo ikachukuliwa kwa nguvu, na Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu wakatembea mpaka Nairobi kudai ng'ombe wao. Baada ya vita ya pili ya dunia ikaja amri ya kuchimba matuta. Machifu walitoa watu kwa lazima, bila malipo. Na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kazini Nairobi, Mombasa au kwa mashamba ya wazungu, jembe lilibaki mikononi mwa wanawake. Kule Murang'a mwaka 1947 watu walikubaliana kwamba wanawake wasichimbe tena, na mwaka uliofuata akina mama wenyewe wakakataa waziwazi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kulalamika juu ya kazi hii ni mambo mapya ya siku hizi, mwambie bibi zetu walishalalamika zamani.

Baada ya uhuru, sehemu nyingi matuta yaliachwa yakabomoka. Nani angependa kutunza kazi ya fimbo? Lakini watu wa Machakos walirudi wenyewe kwenye matuta walipoona yanalipa kwa mahindi, kahawa na matunda. Kutoka mwaka 1974 serikali, ikisaidiwa na Sweden, ilileta mafunzo na vifaa: kamba za kupimia, majembe, sururu, mabeleshi. Kazi yenyewe ilifanywa na mwethya, yaani ushirika wa zamani wa Wakamba wa kusaidiana kwa zamu. Mwaka 1994 kilitoka kitabu cha wataalamu waliochunguza Machakos, na walionyesha jambo la ajabu. Wakati watu walipoongezeka kutoka karibu 240,000 miaka ya mwanzo ya 1930 mpaka karibu milioni 1.4 mwaka 1989, mmomonyoko ulipungua badala ya kuzidi. Sifa hiyo ilienda ulimwengu mzima. Mshahara wa sifa hiyo sijui ulienda wapi. Kwa mama mwenye jembe haukufika.

Sasa tupige hesabu, maana bila hesabu tutabaki tukinung'unika tu.

Mtaro wa fanya juu huwa na upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Udongo hutupwa upande wa juu, na huo ndio ukingo unaozuia maji. Kila mita moja ya mtaro ni karibu debe 18 za udongo, na udongo huo hurushwa kupanda, si kushuka. Kwa udongo wa kawaida, mtu mzima mwenye nguvu humaliza mita 5 hivi kwa siku nzima. Kwa mteremko wa wastani, ukiacha mita 15 kati ya mtaro na mtaro, ekari moja inahitaji mita 270 hivi. Gawanya kwa 5: ni siku 54 za mtu mmoja.

Tuseme kikundi chenu kina watu 18, na mnakutana asubuhi tu, Jumanne na Alhamisi, kwa sababu mchana kila mtu ana shughuli zake. Asubuhi mbili ni sawa na siku moja. Basi ekari moja itawachukua asubuhi 6, yaani wiki tatu. Ekari 18 ni wiki 54. Lakini hamchimbi wakati wa kupanda, kupalilia wala kuvuna. Ukipata wiki 16 za kuchimba kwa mwaka, umebahatika. Kwa hiyo zamu ya mtu wa mwisho inafika mwaka wa nne.

Hapo ndipo shida nyingi za vikundi huanza. Wanaopata mwanzo ni mwenyekiti, katibu, na jirani ya mwenyekiti. Mwisho wa orodha utamkuta mjane, au mama ambaye mume wake hataki kusikia habari za kikundi. Yeye amechimba kwa wenzake miaka mitatu, na shamba lake bado linateremka mtoni. Wengine wakishapata matuta yao wanaanza kuwa na matanga na harusi kila Jumanne. Kikundi kinavunjika, na yule wa mwisho amefanya kazi ya bure kabisa.

Ni bure ya kiasi gani? Tuseme pale kwenu kibarua wa shamba anapata shilingi 400 kwa siku. Siku 54 mara 400 ni shilingi 21,600. Hiyo ndiyo thamani ya kazi ambayo kila mwanachama anatoa mpaka orodha iishe, kama kila mtu ana ekari moja. Ni pesa ya mbuzi kadhaa. Usiite "kusaidiana tu".

Na mashamba hayalingani. Mwenye ekari tatu akichimbiwa zote kwa zamu moja, na mwenye nusu ekari achimbiwe nusu, huyu mdogo anamfanyia kazi yule mkubwa bila mshahara. Mimi naona dawa yake ni kuhesabu mita, si mashamba. Kila mtu apate mita 100 raundi ya kwanza, kuanzia juu ya mteremko, halafu mrudi tena. Mwenye shamba kubwa akitaka zaidi, alipe kikundi kwa kila mita, na pesa iingie kwa mweka hazina. Na raundi ya kwanza ianze na wale ambao huwa wa mwisho. Viongozi wataona ni ngumu kidogo, lakini watavumilia.

Wazee na wagonjwa wasifukuzwe wala kupigwa faini kwa kushindwa na sururu. Kuna kazi ya kushika kamba na kusoma levo, kukata na kupanda nyasi za makarikari au napia juu ya ukingo, kuangalia watoto. Ukingo usio na nyasi hubomoka mvua ya kwanza, kwa hiyo kazi hiyo si ya huruma. Iandikwe kama kazi.

Kuhusu chakula kwa kazi. Katika njaa ya 1984, na tena baada ya ukame wa 2009, watu wa huku walichimba matuta na mabwawa wakilipwa mahindi, maharagwe na mafuta. Chakula hicho kiliokoa maisha na siwezi kukidharau. Ila tumeona pia vikundi vilivyokuwa vikichimba vyenyewe vikaweka jembe chini kusubiri gari la mahindi. Mkipewa mradi wa aina hiyo, tenganisheni mambo mawili: kazi ya shamba la mwanachama ibaki ya zamu kama kawaida, na kazi ya mali ya umma, kama barabara, korongo na shule, ndiyo ilipwe.

Ndiyo, ilipwe. Tangu 2013 kilimo kiko chini ya kaunti, na siku hizi kuna pesa za tabianchi zinazofika mpaka wadi. Mkandarasi anapewa kazi ya kuziba korongo, naye anatafuta watu. Mkikubali kuwa vibarua wake, ninyi ni wafanyakazi kwa sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya thamani sawa ilipwe sawa, bila kuangalia mwanamke au mwanaume. Kubeba mawe kwa mgongo kutoka mtoni si kazi nyepesi kuliko kufunga waya. Kibarua wa siku hulipwa mwisho wa siku, kwa pesa. (Na chai ya rangi si mshahara, hata ikiwa na mandazi.) Kima cha chini cha mshahara hutangazwa na serikali, kilipandishwa kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024. Ofisi ya leba itawaonyesha kiasi cha kazi ya shamba. Baba Mtakatifu Leo XIII aliandika juu ya mshahara wa haki mwaka 1891, kwa hiyo msione haya kutaja jambo hili mbele ya kamati ya kanisa pia, kama mradi ni wa kanisa.

Kama mradi unataka mchango wa jamii, sawa, lakini ulizeni kabla ya kutia sahihi: ni siku ngapi, ni za nani, na siku moja imehesabiwa kwa shilingi ngapi? Wanaume watatoa ngapi? Mara nyingi jibu la swali hilo la mwisho ni kimya.

Jambo moja bado, na kwangu ni kubwa kuliko mengine. Matuta huongeza thamani ya shamba, lakini hati nyingi zina jina la mume au baba mkwe. Mume akitaka kuuza, mama aliyechimba anabaki na nini? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua kazi ya shambani kuwa mchango katika mali, na inasema mali ya ndoa isiuzwe bila mume na mke wote kukubali. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Kila mmoja huonyesha mchango wake. Utauonyesha kwa nini, kama hakuna kilichoandikwa? Daftari la kikundi linaweza kuwa ushahidi. Kila siku ya kazi liandikwe tarehe, shamba la nani, mita zilizochimbwa, na majina ya waliofika, nao watie sahihi au dole gumba. Mama anapochimba shamba la nyumbani kwake, liandikwe jina lake yeye, si "mke wa fulani". Daftari likae kwa katibu, na nakala mahali pengine, maana nyumba huungua na panya wapo.

Vikundi ambavyo bado havijajiandikisha chini ya sheria ya vikundi ya 2022 waende kwa afisa wa maendeleo ya jamii wakiwa na katiba yao na majina ya viongozi. Kamba na levo za kupimia ziko ofisini kwetu kwa kuazima. Zipo chache, kwa hiyo leteni maombi mwezi wa Julai, na mzirudishe zikiwa na kiputo chake kizima.