Maisha Thelathini: Msamiati wa Watoto Katika Michezo ya Video

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi watoto wa mijini nchini Kenya, katika miaka ya 1990, walivyoipatia michezo ya video msamiati wa Kiswahili bila kungoja kamati yoyote iketi. Mifano mingi inatokana na kumbukumbu za mwandishi, aliyelelewa Nakuru.

Mashine tuliyoichezea ilikuwa nakala ya Famicom, ambayo kampuni ya Nintendo iliizindua Japani mwaka wa 1983. Nakala hizo, zilizoundwa Asia Mashariki bila idhini, zilikuwa nafuu na ziliunganishwa na runinga ya kawaida. Mchezo wenyewe ulihifadhiwa ndani ya kijisanduku cha plastiki tulichokiita kaseti, ingawa hakikuwa na utepe wowote. Jina lilihama kutoka kwenye kanda za muziki kwa sababu ya umbo tu. Kaseti ikigoma, tuliipuliza kwa pumzi zetu zote. Kumbe kilichosaidia ni kule kuichomoa na kuichomeka upya, vyuma vikagusana vizuri. Unyevu wa pumzi uliharakisha kutu tu.

Neno lililo na utajiri zaidi ni maisha. Katika Super Mario Bros., mchezo wa mwaka wa 1985, mchezaji huanza na nafasi tatu za kufa. Darasani tulifunzwa kwamba maisha ni nomino ya ngeli ya YA-YA, nayo aghalabu haihesabiwi. Kibandani tuliihesabu bila haya: "Nimebakisha maisha moja!" Hakuna aliyesema "mamoja". Mwenye kibanda alitoza shilingi 5 kwa zamu, na zamu ilikwisha maisha yalipokwisha. Kwa hiyo hesabu hiyo ilikuwa hesabu ya pesa. Je, aliyebakisha maisha moja anahesabu pia yale anayoyachezea sasa? Siku moja nililia kwa sababu ya swali hilo, binamu yangu akiwa amekwisha kuninyang'anya kidude cha kuchezea. Baada ya ugomvi mwingi wa aina hiyo, likazuka neno la kuukata: "Niko ya mwisho." Tangu hapo hapakuwa na utata. Istilahi hukomaa haraka pale ambapo mtu ana kitu cha kupoteza.

Mchezo wa Contra nao ulikuja na siri yake. Aliyebonyeza vitufe kwa mpangilio maalumu kabla ya kuanza alipewa maisha 30 badala ya 3. Mpangilio huo ulibuniwa na Kazuhisa Hashimoto alipokuwa akiandaa mchezo wa Gradius, uliotoka kwa Famicom mwaka wa 1986. Alitaka kujirahisishia majaribio. Kwetu ulifika kwa mdomo, bila kitabu: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Mwanafunzi wa ushairi na ahesabu: vipande viwili vya kwanza vina mizani 8, sawa na kipande cha mshororo wa shairi la kawaida. Sidai kwamba tulikuwa malenga, ila hapana shaka mdundo huo ndio uliotusaidia kukumbuka.

Mwaka wa 1999 baba alileta nyumbani kompyuta kuukuu. Vitabu vya shule vilikuja kuiita tarakilishi. Tanzania wameshikilia kompyuta. Mchezo wetu wa kwanza humo ulikuwa Solitaire, uliokuwa umeambatanishwa na Windows tangu mwaka wa 1990 na uliowazoesha watu kutumia kipanya. Kitendo cha kuishika karata na kuisogeza kwenye kiwambo tulikiita kuvuta. Wataalamu wa tafsiri za programu wamechagua kuburuta, nami nakiri kwamba neno lao ni sahihi zaidi, kwani kinachoburutwa hakiachi kugusa sakafu.

Mama, hata hivyo, hucheza Solitaire hadi leo, na mjukuu akimsimamia begani huambiwa: "Wacha nivute mwenyewe, niko ya mwisho."