Utangulizi: Fosforasi, Shamba na Ziwa

Mwanzoni mwa Agosti 2014, wakazi zaidi ya 400,000 wa Toledo na vitongoji vyake, jimboni Ohio, Marekani, walikatazwa kunywa maji ya bomba. Hata kuyachemsha hakukusaidia, maana sumu iliyokuwamo ingezidi kukolea. Ilitoka kwa mwani uliotanda Ziwa Erie, chanzo cha maji hayo (wataalamu watakukumbusha kuwa ni bakteria, si mwani hasa), na mwani huo ulinenepa kwa fosforasi iliyoteremshwa na mto Maumee kutoka mashamba ya mahindi na soya.

Kwamba fosforasi ndiyo inayoligeuza ziwa kijani, David Schindler na wenzake walilionyesha Kanada. Mwaka 1973 waliligawa Ziwa 226 kwa pazia. Pande zote mbili zilitiwa kaboni na naitrojeni, ila mmoja ukaongezewa fosforasi. Huo ndio uliojaa mwani.

Kinachosumbua hadi leo ni shamba. Fosforasi hutoka humo ama imeshikamana na chembe za udongo unaomomonyoka, ama imeyeyuka majini. Wakulima wengi wa bonde la Maumee waliacha kutifua ardhi ili kuzuia mmomonyoko, wakafanikiwa. Lakini mbolea iliyonyunyizwa juu bila kufukiwa ilirundikana kwenye sentimita chache za juu. Mvua ikaiyeyusha, na mabomba yaliyozikwa chini ya mashamba kutoa maji yaliyotuama yakaikimbiza mtoni. Hiyo ni miongoni mwa sababu za fosforasi iliyoyeyuka kupanda tangu katikati ya miaka ya 1990. Kwangu mimi, hapa ndipo taaluma yetu inaponoga: ushauri mzuri kabisa kwa udongo uliweza kulidhuru ziwa. Tena shamba lililoshibishwa samadi kwa miongo huendelea kuvujisha fosforasi miaka mingi baada ya mkulima kuacha kuiongeza.

Usiyahamishie haya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, bila kufikiri. Udongo mwingi wa magharibi mwa Kenya una upungufu wa fosforasi. Mahindi machanga huuonyesha kwa majani yenye kingo za zambarau. Bonde la Nyando, mto unaoingia ghuba hiyo, hupoteza udongo wenyewe, makorongo yakizidi kupanuka, kwa hiyo matuta na nyasi kando ya mto vina kazi kubwa kuliko kupunguza mbolea. Kumnyima mkulima wa huko mfuko wa DAP, mbolea yenye fosforasi, kwa sababu ya Erie ni kumwonea.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, tafuta majibu ya vipimo vya udongo wa shamba unalolijua, uyaweke mezani.