Je, Wajua? Waliong'ara Jua Likiwa Alasiri

Kaptula, soksi ndefu na mkongojo

Mtu mzee kuliko wote duniani kuanza shule ya msingi, kwa rekodi za Guinness, ni Mkenya. Tarehe 12 Januari 2004, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na miaka 84 na sare kamili. Alitaka kujua kuhesabu pesa zake na kujisomea Biblia, asiwe mtu wa kusomewa tu. Mwaka uliofuata alikuwa kiranja mkuu, kisha akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, hadi New York, kuuhutubia Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya bure.

Kuna jambo hapa ambalo kila nikilikumbuka hunifurahisha. Elimu hiyo ya bure ilianzishwa Januari 2003 na Mwai Kibaki, aliyekuwa ameapishwa kuwa rais siku chache tu kabla, akiwa na miaka 71. Mzee mmoja alichelewa kufika Ikulu, na alipofika akamfungulia mzee mwenzake mlango wa darasa.

Betri ya simu yako na babu wa miaka 97

Hakuna aliyewahi kupokea Tuzo ya Nobel akiwa na umri mkubwa kuliko John Goodenough, Mmarekani aliyeipata ya kemia mwaka 2019, pamoja na wenzake wawili, akiwa na miaka 97. Kazi yake? Betri ya lithiamu, ile inayoendesha simu, kompyuta ndogo na hata magari ya umeme. Ugunduzi uliompa sifa aliufanya Oxford mwaka 1980, akiwa anakaribia miaka 58, umri ambao mtumishi wa serikali huanza kuulizia mafao yake.

Utotoni kusoma kulimpa taabu sana. Na alipokwenda Chuo Kikuu cha Chicago baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliambiwa kuwa kwa fizikia amekwisha kuchelewa! Kila ninapochomeka simu yangu kwenye chaji humkumbuka.

Kutoka kuuza vyungu hadi santuri za Bombay

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika familia maskini, na alizunguka akiuza vyungu alivyofinyanga mama yake. Alihamia mjini mwaka 1911, akiwa na miaka 30 na ushei. Mwaka 1928, akiwa na karibu miaka 48, alivuka bahari hadi Bombay kurekodi, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake iliingia kwenye santuri. Na aliimba kwa Kiswahili, wakati ambapo taarabu ya kasri la Sultani ilikuwa ya Kiarabu.

Miongoni mwa walioifuata njia yake alikuwemo Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude. Huyu naye aliimba tangu utotoni, lakini albamu yake binafsi, *Zanzibar*, ilitoka mwaka 1998, na tuzo ya kimataifa ya muziki ya WOMEX aliipokea mwaka 2005. Hakuna hati inayothibitisha mwaka wake wa kuzaliwa, ila hakuna pia aliyebisha kwamba alikuwa bibi kizee. Alifariki mwaka 2013, na jukwaa alikuwa amelipanda mpaka uzeeni kabisa, na ngoma yake mbele.

Kura ya kwanza, miaka 75

Nelson Mandela hakuwahi kupiga kura ya kitaifa nchini mwake hadi tarehe 27 Aprili 1994, akiwa na miaka 75. Wiki mbili baadaye alikuwa rais. Alipigia kura shuleni Ohlange, karibu na Durban, jirani na kaburi la John Dube, rais wa kwanza wa chama cha ANC.

Sindano ilipokataa, brashi ikakubali

Bibi mmoja mkulima wa jimbo la New York, Anna Mary Robertson Moses, alipenda kudarizi. Baridi yabisi ilipomkamata vidole, sindano ikamshinda, akahamia kwenye rangi akiwa na miaka sabini na kitu. Mwaka 1938 mpita njia mmoja mpenda sanaa aliiona michoro yake kwenye dirisha la duka la dawa, ikiuzwa dola 3 hadi 5, akainunua yote. Bibi Moses aliishi hadi miaka 101 na kuacha zaidi ya michoro 1,500. Mmoja wake uliuzwa mwaka 2006 kwa zaidi ya dola milioni 1.

Tambi zilizofika angani

Momofuku Ando wa Japani alifilisika akiwa na miaka 47. Alijifungia kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake, na mwaka 1958, akiwa na miaka 48, akatoka na tambi za kumwagia maji ya moto tu, zile ambazo leo kila mwanafunzi wa bweni anazijua. Mwaka 2005, yeye akiwa na miaka 95, mwanaanga Mjapani alizila angani.

Marathoni ya karne nzima

Fauja Singh, Mwingereza mwenye asili ya Punjab, alikimbia marathoni yake ya kwanza London mwaka 2000, akiwa na miaka 89. Mwaka 2011 alimaliza ile ya Toronto akiwa na miaka 100, kwa saa 8 na dakika chache. Umbali huo ni karibu sawa na kutoka Nairobi hadi Thika, kwa miguu! Guinness hawakumwandika kwa sababu hakuwa na cheti cha kuzaliwa.

Simu jikoni

Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar mwenye miaka 72, alikuwa jikoni kwake Uingereza akiandaa chai simu ilipolia. Alidhani ni wale wapigaji wa kusumbua watu. Ilikuwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, miaka 34 tangu riwaya yake ya kwanza. Kwangu mimi, kilichokuja baadaye kina utamu zaidi: mwaka 2022, riwaya yake *Paradise* ilitoka kwa jina la *Peponi*, na watu wa nyumbani wakamsoma kwa Kiswahili.