Kupanda Kirinyaga si kuinajisi

Asubuhi kabla mawingu hayajapanda, aliye kwenye mashamba ya kahawa ya Mukurweini huuona Mlima Kenya upande wa kaskazini, na juu yake majabali mawili meusi: Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, yaliyotengwa na pengo jembamba lenye barafu. Ni lava iliyogandia ndani ya koo la volkano. Mvua na barafu zikamega mawe laini ya pembeni kwa zaidi ya miaka milioni mbili, yakabaki yale magumu. Kwa Wakikuyu, wanaouita mlima huu Kirinyaga, hapo ndipo anapokaa Ngai, Mungu wao. Ndiyo maana wapo wanaoshikilia kwamba mlima ulinajisiwa mwaka 1899, wapandaji Mackinder, Ollier na Brocherel walipofika Batian, na kwamba kila anayeupanda leo kwa starehe anaendeleza kosa hilo.

Uchungu huo nauheshimu, ila ibada yenyewe haiungi mkono hoja hiyo. Wazee hawakuomba kileleni. Waliomba huku chini, penye mti mtakatifu wa mugumo, nyuso zao zikiielekea Kirinyaga, na mti huo ulikuwa mwiko kuukata. Mwiko, basi, ulilinda msitu. Tena usiku wa uhuru mwaka 1963 Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya juu ya mlima huohuo, na nchi nzima ikafurahi. Sijasikia aliyesema ameukufuru. Mtu anaweza kujibu kwamba mmoja mwenye bendera si sawa na misururu ya watalii, na hapo ana haki, maana taka za kambini ni aibu. Lakini wengi wao huishia kilele cha Lenana, mita 4,985, panapofikika kwa miguu. Batian humtaka mtu mwenye kamba na ujuzi wa kukwea miamba.

Unajisi ninaouona mimi uko chini zaidi. Uchunguzi wa angani wa mwaka 1999 ulikuta maelfu ya miti ya muthaiti imekatwa kinyume cha sheria, ndani ya msitu unaolisha Tana na Ewaso Ng'iro. Mwaka uliofuata msitu ukawekwa chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Anayeitetea heshima ya Ngai na akanyamazia msumeno ametetea nusu tu ya mlima. Waongozaji wa njia za Naro Moru, Sirimon na Chogoria, ambao mkate wao unategemea mlima huu, wana sababu ya kusimama na wazee katika jambo hili, na wazee hawana sababu ya kuwakataa.